Kaa Kulia

Miaka ishirini na miwili, Tanga,
nimekaa kiti cha kushoto,
mguu juu ya breki ya pili,
nikiwasomea wanafunzi aya ile ile:
kushoto, mwanangu, kaa kushoto,
huko kulia kuna lori.

Leo Maskati kiti ni kile kile,
ila usukani umenifuata.
Na Mudrik, mwana wa dada yangu,
amekaa pale walipokaa wanafunzi wangu,
anakanyaga breki isiyokuwepo.
Kulia, mama mdogo. Kulia. Kulia!

Mkono una mazoea yake.
Nataka kuwasha indiketa, waipa zinaamka,
zinafuta mvua ambayo kioo hiki
huenda hakijawahi kuiona.
Mwenye Prado nyuma yangu
anapiga honi mara moja tu, kwa adabu.

Kwetu tunakiita kipilefti.
Hapa nikiiteje?
Katikati wamesimamisha dele la kahawa
refu kuipita nyumba yangu,
na magari yanalizunguka dele likiwa kushotoni kwao,
kama watu kwenye tawafu.
Njia ya kutokea sikuiona.
Nikazunguka. Nikazunguka tena.
Mzunguko wa nne Mudrik akasema,
Bado mitatu, kisha nikanyoe.

Tulicheka mpaka Bidbid karibu.
Ndipo akaitoa simu.
Alikurekodia, akasema. Kabla.

Sauti ya Zuwena, kifua kinakwaruza,
Kiswahili chake kimebaki mwaka ule aliohama:
"Riziki, usifuate kichwa chako.
Shika mkono wa kuume. Kuume, si kuke.
Bidbid kata njia ya Ibra.
Ngamia akivuka mwache, ana mwenyewe na ana bei.
Na usikimbize,
gari za huku zina umbea."

Kuume!
Nani bado anasema kuume?
Mama alisema hivyo, sisi wawili kwenye sinia moja:
wa kuume kwenye wali,
wa kuke uukalie.
Zuwena alikuwa wa shoto.
Aliukalia mkono wake mpaka ukafa ganzi,
na bado alinimaliza mchuzi.

Milima haina nguo, rangi ya sufuria iliyoungua.
Handaki. Mwanga. Handaki.
Kwenye bonde kavu vigingi vyekundu na vyeupe
vinangoja kupima maji:
yakifika hapa, geuka.
Mshale ukagusa mia na ishirini
na gari likaanza kulia, ting, ting, ting,
kama mtoto anayekwenda kusema kwa baba.
Nikapunguza. Likanyamaza.
Rekodi ilikuwa imekwisha zamani
na Mudrik bado ameishika simu hewani.

Nimechelewa siku arobaini na mbili.
Visa ilifika, nauli ilifika,
leseni ya kimataifa ilifika, muhuri umekaa upande.
Ni mimi tu.

Nikawasha indiketa, mara hii ni indiketa kweli.
Nikauvuka mstari wa njano, kokoto zikasema chini ya tairi,
nikazima injini.
Lori la nondo likatupita, gari likatikisika.
Upande wa mlango wangu, magari.
Mudrik, kwa mazoea tu, akanong'ona:
Kulia, mama mdogo.
Nikamtii.

Alinipa tishu za kwenye sanduku la dhahabu,
zile wanazoweka dashibodini.
Hakusema neno. Alifungua biskuti,
tukala.

Ibra tuliingia alasiri.
Akaiweka tena rekodi, kipande cha mwisho:
"Ukiuona msikiti mdogo, kichochoro cha pili.
Usiogope ukuta. Ukuta umeshagongwa sana."

Kichochoro kina kuta mbili za udongo,
upana wa gari na dua.
Hakuna mstari, hakuna mshale,
hakuna kuume wala kuke.
Nikakunja vioo vyote viwili,
nikapita katikati,
Mudrik kichwa nje ya dirisha
akihesabu vidole kwa sauti:
vinne, vitatu, vitatu, viwili,
njoo, njoo, njoo.