Simama Dede

Karani Shekigenda kaileta kwa toroli
toka stendi mpaka Barabara ya Kumi na Nne,
kaifunga kwa kamba ya katani, mafundo matatu,
utadhani itatoroka.
Kompyuta ya mwaka tisini na tano,
rangi ya meno ya mla tumbaku.
Haina tundu la sidii, flashi haijui ni mdudu gani.
Mdomo wake mmoja tu, mwembamba, wa flopi.

"Humu ndani," akasema, "mna siku za watu.
Mia moja na kumi na wawili, wakata mkonge.
Daftari wamelila mchwa. Mfuko wa mafao wataka ushahidi.
Nikiwasha, inaniuliza mfumo uko wapi.
Mimi nitajuaje?"
Nikacheka. Yeye hakucheka.

Flopi tisa nilizipata Chuda, duka la stesheneri,
nyuma ya makasha ya kaboni.
Sogeza kibati kwa ukucha
uone hewa ya Tanga ilivyofanya kazi yake:
ukungu mweupe juu ya duara la kahawia,
kama mkate wa juzi.
Ya kwanza ilikwaruza, ikakataa.
Ya tano ikasoma nusu,
kisha ikatoa sauti ya mtu anayetafuna mchanga.
Zote tisa nikazipanga kando. Sikuzitupa, sijui kwa nini.

Ya kumi akaitoa yeye, mfuko wa shati.
Safi. Na lebo, kwa penseli, herufi kubwa:
USIFUTE.
Mwandiko wake; nimeuona kwenye risiti.
"Futa," akasema.

Mimi nimefunzwa na hasara:
kabla hujaandika, nakili.

Linuksi yangu haina maneno mengi.
Amri yenyewe d mbili tu. Mimi huitamka dede,
neno la kumwambia mtoto
anapoachia kanga ya mama, magoti yakicheza:
simama dede, dede, dede.

Ila dede hii haina huruma.
Haikuulizi kama una hakika.
Hiki kinatoka huku, kinaingia kule, basi;
penye b ukiandika a
flopi imepona, umefuta nyumba yako mwenyewe,
harusi ya dada, madeni ya wateja, vyote.
Nikausoma mstari mara tatu kwa kidole
kama mtoto wa chuoni na juzuu.

Kwanza nikaichota ile USIFUTE nzima,
baiti milioni moja, laki nne na ushee,
nikaihifadhi. Sikuifungua.
Kisha nikageuza:

dd if=mwasho.img of=/dev/sdb

Taa ya kijani. Krr. Krr. Kimya.
Jirani alikuna nazi nzima haijamaliza.

Pumzi yote imo kwenye kipande cha kwanza,
baiti mia tano na kumi na mbili;
zile mbili za mwisho zikikosekana
mashine haioni kitu, inaona plastiki.

Nikaiingiza. Nikaminya swichi.
Ikahesabu kumbukumbu zake, ikalia mara moja,
ikabisha mlango wa A kabla ya C,
na pale kwenye kioo cheusi:
A, nukta pacha, mkwaju, mshale,
na kistari kinachopepesa.
Dede, nikasema, si kwa sauti.

Majina yakapanda.
Tabu Semkiwa, siku ishirini na sita.
Ntakije Bandora, ishirini na nne.
Pius Nangumbi, kumi na tisa.
Hapo karani akavua miwani.

"Huyu alikata mwezi mzima," akasema.
"Niliambiwa niandike hivyo. Na wengine.
Zile za kweli nikaziweka kwenye flopi,
miaka yote hii."
Mikono yake ilikuwa magotini.
"Basi. Zimekwenda."

Nikamwacha na neno hilo kitambo kidogo,
nami ni mwanadamu,
kisha nikakigeuzia kwake
kioo cha mashine yangu.