Lozi Chungu

Miaka kumi na mmoja maziwa yangu ya lozi yalikuwa maji.
Meupe, ndiyo. Matamu, nisingenyima sukari.
Lakini Saro mume wangu alikunywa nusu, akatua glasi,
akasema ahsante kwa sauti ya mtu anayempisha mgeni mlangoni,
na mavyaa wangu, Donna Venera, akaitazama nusu iliyobaki
kama asomaye barua yenye habari njema.

Sikuruka hatua hata moja.
Lozi ratili mbili, za shamba letu la juu ya Avola;
maji ya moto, muda wa Salamu Maria tatu;
kisha kuzimenya, kila moja ikiponyoka ganda
kama mguu wa mtoto unavyoponyoka soksi.
Usiku kucha majini. Alfajiri, kinu cha jiwe,
maana mashine, alisema Donna Venera, hupata moto,
na lozi iliyopashwa moto huweka kinyongo.
Kisha foronya kuukuu ya sanduku lake la harusi,
herufi V imedariziwa pembeni kwa uzi mwekundu.

Na kukamua.
Hatukuwa na ng'ombe. Kilima chetu ni mawe na jua
na mbuzi wawili wa jirani, wote madume.
Lakini tulikamua vivyo hivyo, mikono ikavimba mishipa:
kwanza tui la kasimile, zito, la kushika kijiko;
kisha maji tena, tui la pili, jepesi;
kisha machicha, ambayo mavyaa aliyaokea vikate
vya kuku na vya padri, kwa utaratibu huo.

Hakunisahihisha kamwe.
Hiyo ndiyo ilikuwa adhabu.

Kiangazi cha mwaka wa kumi na mbili mabomba yalikauka.
Lori la maji lilipanda kilima kila siku ya tisa.
Yeye ana miaka themanini na tisa, mguu mmoja umevimba,
kiti chake tumekileta jikoni, penye sakafu ya ubaridi.
Nilipokuwa naushika mchi akasema: "Ngoja."
Akatia mkono mfukoni mwa aproni.
Ikatoka rozari. Ikatoka risiti ya duka la dawa.
Zikatoka lozi tatu, ndogo, zimekunjamana.

"Za mti ule wa nyuma ya birika la mvua."
Mti ambao Saro aliuapia shoka kila Novemba,
mti usiopandikizwa, mchungu, panya wenyewe wameususa.
"Tatu," akasema. "Nne, ukitaka ugomvi.
Ishirini, muite padri."

Nikatwanga.
Ikapanda harufu ya harusi zote za utoto wangu,
nikiwa chini ya meza, nanywa mabaki ya wakubwa.
Saro akanywa yote. Akakichungulia kitako cha glasi.
Hakusema ahsante.

Usiku ule nilimchukia mavyaa
kwa miaka yote kumi na mmoja, mmoja mmoja.
Asubuhi nikamwosha mguu.

Sasa yeye yuko makaburini, upande usio na kivuli,
na mwanangu ameoa Ionela, kutoka Romania,
binti mpole, mwenye daftari la mistari ya kijani.
Juzi aliniomba nimfundishe. Nikampa:
ratili, Salamu Maria, kinu, foronya.
Akaandika hata namna ya kuketi.
Na anakamua kuliko mimi, maana yeye
alilelewa na ng'ombe wa kweli, wenye mikia na majina.

Maziwa yake ni meupe. Matamu.
Mwanangu amekunywa nusu, amesema ahsante,
naye Ionela ameiinamia glasi ile
kana kwamba kosa limezama humo.

Nami nimesimama kando ya jiko, mkono mfukoni mwa aproni,
nazihesabu kwa kidole gumba.
Moja. Mbili. Ya tatu ina ncha kali.
"Ngoja," nasema, lakini moyoni tu,
kwa kujaribu sauti.