Stoo ya Mashuka

Saa tisa na robo usiku nimemwandika mtoto
ambaye hakuwahi kuitwa kwa jina.
"Wa Zuhura Nampota, kiume, kilo mbili na nusu."
Kalamu imegoma penye saa ya kufa.
Nimeitikisa, imetema wino, nimeandika.

Fomu ina visanduku kumi na vinne.
Mapigo. Joto. Damu iliyopotea, kwa mililita.
Nimevijaza vyote.
Hakuna kinachouliza: na wewe muuguzi, umeshindaje?

Basi nimekuja stoo ya mashuka.

Chumba cha hatua nne kwa tatu,
kinanukia sabuni ya mche na joto la pasi.
Humu Salima Mtalika hutandika kanga kuelekea ndoo za klorini,
maana kibla, kakipima mwenyewe, kiko upande wa ndoo.
Humu Sista Perpetua huvuta punje za rozari
mkono ukiwa mfukoni;
wodini haithubutu kutoka,
asije mgonjwa akadhani anasomewa sala ya mwisho.
Hakuna aliyepanga. Hakuna kibao mlangoni.
Ukikuta viatu nje, unageuka, unangoja zamu yako.

Mimi leo sina kanga wala rozari.
Nimekalia furushi la mashuka ya kijani
nikasema nilichokuwa nacho:
"Wewe, nimechoka."
Amina sikuitia. Haikuwa sala ya kufungwa.

Ukingoni mwa Newala ardhi hukatika ghafla,
jicho likashuka, likashuka, hadi Ruvuma,
lisipate pa kukanyaga.
Shimo la Mungu, ndivyo tunavyoliita.
Wageni husimama pale wakapiga picha.
Nami ninalo langu, hapa,
chini kidogo ya kifungo cha tatu cha gauni,
na hajatokea wa kulipiga picha.
Halijazwi kwa semina, wala kwa posho ya semina.
Zamani nilikuwa nalifukia kwa kazi, zamu juu ya zamu.
Siku hizi nakaa ukingoni mwake.
Nakaa tu, miguu ikining'inia.

Mlango ukasukumwa.
Daktari Chinguile, yule asemaye kila siku
kwamba yeye anaamini oksijeni na damu salama,
amebeba mikono yake mbali na mwili
kama kaazimwa.
Ndiye aliyekiminya kile kifua kwa vidole viwili
dakika ishirini, akihesabu kwa Kimakonde
bila kujua kwamba anahesabu kwa Kimakonde.

Hakuniuliza nafanya nini.
Alivua viatu.
Akaviweka nje, kando ya vyangu,
akaketi sakafuni, mgongo kwenye rafu ya vyandarua.
Ukungu ulikuwa umeshaingia dirishani.
Hatukusema kitu. Alilia kidogo, puani,
kama mtu mwenye mafua.

Bi Somoe wa usafi alikuja na kopo moja la maji ya moto,
maji ya Newala, yahesabiwayo kama dawa.
"Mikono mmenawa tangu jana," alisema.
"Leo naweni na uso."

Tukanawa. Kwanza yeye, kisha mimi, kopo lile lile.

Halafu kitanda namba sita akaita, kwa sauti ya aliyekaribia,
nami nikatoka mbio, gizani nikavaa viatu visivyo vyangu,
namba arobaini na tatu,
nikaenda kumpokea mtoto wa watu
nikiburuza, pa, pa, pa, ukumbi mzima,
na nyuma yangu, kutoka stoo,
mtu asiyeamini kitu anacheka.