Alama ya Maji

Zima koroboi kwanza. Fungua dirisha,
ingawa ukungu wa Tukuyu utaingia ukae kitandani.
Petroli nimeikinga kwenye pikipiki ya Lusajo,
kizibo kimoja tu, naye kaninunia.
Sahani yangu ni kifuniko cha kopo la rangi ya viatu,
cheusi ndani, kama inavyotakiwa.

Stempu nailaza kifudifudi.
Picha haisaidii: dhahabu inamiminwa, senti mbili,
ni ile ile miaka nenda rudi.
Karatasi ndiyo yenye umri.
Kule kiwandani, ikiwa bado ujiuji,
waya uliikandamiza ukaacha wembamba,
na wembamba huo hausemi
mpaka ulowe.

Niliikuta kwenye kitabu cha nyimbo cha bibi, Tupokigwe,
katikati ya nyimbo za maziko,
imekatwa kwa mkasi, pembe ya bahasha imeng'ang'ania.
Barua yenyewe haipo. Muhuri unasema JOHA,
halafu wino umeisha.

Babu Ambilikile alikwenda Joni, migodini.
Mwamba ulimwangukia, ndivyo tulivyokua tukiambiwa.
Wakazika koti lake nyuma ya migomba,
mchungaji akasoma, ng'ombe akachinjwa,
bibi akanyoa nywele.

Tone. Tone la pili.
Karatasi inakuwa kijivu, inakuwa nyeusi,
na taratibu,
kama mtu anayeshuka njia ya mashamba ya chai asubuhi,
inajitokeza pembetatu,
na ndani ya pembetatu herufi tatu.

Nafungua katalogi. Nasoma kwa kidole
kama mtoto wa darasa la kwanza.
Ingekuwa ngao, sawa.
Ingekuwa karatasi tupu, ningejikaza.
Lakini karatasi ya herufi tatu
ilikuwa haijatengenezwa bado
mwaka walipolizika lile koti.

Nani alilamba gamu hii?

Petroli hukauka upesi. Alama imerudi ilikotoka,
stempu nyeupe mgongoni, haijui kitu.
Bei yake katalogini haifiki mche wa sabuni.

Bibi, kila Ijumaa, mpaka magoti yalipogoma,
alijifunga kitenge akateremka hadi posta,
akasimama mbele ya yale masanduku madogo ya chuma.
Akirudi tulimuuliza.
Nimefuata chumvi, alisema.

Duka la chumvi lilikuwa uani kwetu.