Mkono Usiolia

Ghala lilikuwa la alizeti. Hata leo
ukianguka vizuri, makapi hupanda
kutoka kwenye nyufa za mbao
na kutua kwenye nyusi.

Kizota, saa kumi na moja alfajiri.
Upepo unagonga mabati
kama mdai asiyejua kwamba tumeshaamka.
Mwalimu Chidawali anahesabu kwa Kijapani,
nasi tunachuchumaa, tunainuka,
ichi, ni, san,
mpaka mapaja yawe uji wa uwele.
Alikwenda Osaka kusomea injini za dizeli,
akarudi na shingo pana kuliko kichwa
na desturi ya kuliinamia turubai kabla ya kulikanyaga.
Wiki sita hakutufundisha kumwangusha mtu.
Alitufundisha kuanguka: kidevu kifuani,
viganja vifike chini kabla ya mgongo,
pumzi itoke yenyewe, ising'olewe.
"Ardhi haina kosa," husema. "Wewe ndiye mgeni wake."

Jioni ni zamu ya Bi. Perpetua wa Kondoa,
aliyewafuata masista hadi Guadalajara
na kuiacha shela kwenye ndoano siku alipomwona
mwanamke mnene akiruka kutoka kamba ya juu
"kama Roho Mtakatifu mwenye kilo tisini."
Yeye hataki tuchuchumae. Anataka tupae.
Kamba zetu ni nyaya za kreni zilizovikwa mpira wa maji.

Nikampelekea fundi Mwendwa kipande cha kitenge.
Nataka barakoa. Akauliza: ya ugonjwa?
Nikasema: ya kichwa kizima, yenye matundu ya macho.
Akanipima kimya, akidhani nakwenda kuiba.

Ila walimu wetu wana ugomvi mmoja usiokwisha.
Japani hushika mkono wa kushoto.
Meksiko hushika wa kulia.
Kila kabali, kila mguu unaopindwa,
huyu upande huu, yule upande ule,
nasi katikati kama mlango
uliotiwa bawaba pande zote mbili.

Mkono wa kulia. Wa kulia ugali,
wa kulia machozi; lugha imeubebesha kazi zote.
Wa kushoto haulii.
Wangu ndio ulioshika kalamu, kijiko,
jiwe la kufukuzia ndege kwenye zabibu za Hombolo,
na shangazi akaufunga kwa mkanda wa sketi
mwaka mzima wa darasa la kwanza.
Hata ulipofunguliwa ulibaki nyuma,
kama mtoto wa kambo kwenye picha ya harusi.

Jumamosi, onyesho la kwanza. Wapakizi wa kreti,
mafundi wa gereji, wanawake wa muheme
na ngoma zao mapajani.
Mbele yangu Ndahani, kilo themanini na tano.
Akasahau. Au nilisahau mimi.
Asubuhi tulipatana Meksiko; akaninyoshea Japani:
mkono wake wa kushoto, wazi, unangoja.
Kwa nusu pumzi hakuna aliyejua
tunasema lugha gani.
Ngoma zikasita.

Ndipo mkono wangu ule, bila kuombwa,
ukatoka nyuma ya mgongo, ukaukamata wake,
nikageuka, naye akapaa,
kwa kuwa alitaka kupaa. Hiyo ndiyo siri yote:
hakuna anayerushwa asiyeruka kidogo.
Mbao zikalia. Makapi yakapanda.
Muheme ukarudi kwa kishindo.

Usiku tulifagia ulingo, mimi na Ndahani,
kama Osaka inavyodai. Mbavu zilimuuma,
aliniambia mara tatu.
Bi. Perpetua akaleta zabibu kwenye beseni.
"Mlikosea," akasema.
"Walikosea vizuri," akajibu Mwalimu Chidawali,
na hilo nalo wakaanza kulibishania.

Nilipandisha barakoa mpaka puani,
nikanyofoa kishada kwa mkono wa kushoto,
nikala.
Mbegu nilizitemea nje, gizani,
na upepo ukazichukua bila kuuliza ni za upande gani.