Anzia Mbali, Njoo Moyoni

Utepe wa zamani ulinitoka mikononi vipande vipande,
mweusi, unanata kama bazoka iliyokanyagwa.
Chini yake bomba likabaki uchi, na madoa ya chumvi:
jasho la mtu nisiyemjua, wa nchi nisiyoijua,
aliyeitupia kontena baiskeli hii
ikaja kuangukia mnadani, hapa Tabora,
kati ya vitanda vya watoto na majokofu yasiyogandisha.

Upande wa kushoto, pale kiganja kinapopumzika,
alikwaruza mistari minne kwa ncha ya msumari.
Minne ya nini? Watoto? Ajali? Milima aliyoimaliza?
Nilipitisha kidole taratibu,
kama ninavyopitisha juu ya kovu
la mgonjwa aliyekwisha kusinzia.

Fundi Ngassa aliniuliza, "Nesi, pembe za kondoo hizi za nini?
Weka usukani ulionyooka, ubebee ndoo."
Nikamwambia ndoo nimebeba miaka kumi na tisa.
Akacheka, akaniuzia tepu, pakiti moja tu,
iliyofika kwa treni imebonyea,
rangi ya kiini cha yai la kienyeji.

Jumatatu nikatoka zamu ya usiku, chai haijapoa,
nikaanzia juu, katikati ya usukani, nikashuka
mbiombio, kama mtu anayefunga mzigo wa kuni.
Mwanangu Kashindye akachungulia:
"Mama, imevunjika mikono?"
Nikamtuma maji ambayo hatukuyahitaji.

Jioni, sijafika hata njia panda ya Ipuli,
utepe ukajikunja chini ya kiganja,
ukafunguka, ukapepea ubavuni
kama ulimi wa mbuzi aliyekimbizwa.
Kijana wa bodaboda akanipita anapiga honi:
"Sista, bendeji imelegea!"

Bendeji.

Nilishuka kando ya lami, nikajicheka.
Si mimi huyu ninayewafokea wanafunzi wodini?
Anzia mbali, njoo moyoni.
Kila mzunguko ukalie nusu ya mwenzake.
Usikaze damu ikakosa njia,
usilegeze kidonda kikachungulia.
Mikono hii imefunga viwiko vya wachimbaji wa Nzega,
vidole vya wakata tumbaku wa Urambo,
mguu wa mrina asali wa Sikonge aliyeporomoka na mzinga wake,
halafu ishindwe na bomba la alumini!

Usiku nikakaa sakafuni, taa ya sola kwenye kigoda.
Nikaanzia mbali, kwenye ncha,
nikivuta kuelekea kule kiganja kitakakosukuma,
nusu juu ya nusu.
Penye breki nikavuka kwa umbo la nane,
kama kwenye kifundo cha mguu.
Mistari minne ikaingia chini.
Sikuongeza wa tano.

Mkono wa kulia, tepu ikaniishia.
Zikabaki inchi tatu, nikazifunga plasta nyeupe ya wodini
(roli yao nitairudisha, nimeandika kwenye kalenda).
Na matundu mawili ya ncha
nimeyaziba kwa vizibo vya mpira vya chupa za dawa,
vyenye alama ya sindano katikati.

Leo Jumamosi, njia ya Sikonge, miombo imetoa majani mekundu.
Nimeinama, viwiko vimelegea, sioni ganzi vidoleni.
Nyuma nasikia mnyororo mkavu unalia:
mzee wa makamo, magunia mawili ya mkaa,
ananifikia kwenye mwinuko, wala hahemi.
Natupa jicho kwenye usukani wake.
Ameuvisha mpira wa tyubu, nusu juu ya nusu,
umeanzia mbali, hauna hata pengo moja,
msafi kuliko wangu.

"Nani alikufundisha?" nauuliza mgongo wake.

Anapiga kengele mara moja
na kuniachia vumbi la mkaa.