Kanda ya Selby

Siku ya kumi na tisa ya kikohozi
theluji imepanda hadi kwenye kioo cha jikoni,
nami nimelazwa kwenye kochi, kando ya jiko la kuni,
kama gunia la viazi lililosahauliwa na mwenyewe.
Nesi Keeping alikuja Jumatatu kwa pikipiki ya theluji,
akanisikiliza mgongo, akaniachia vidonge vya rangi ya chungwa,
akasema: "Mzee Pelley, homa ya mapafu inakuachia,
ila ubavu umepata ufa kwa kukohoa.
Usibebe kuni. Usicheke."

Usicheke!
Nani alikuwa na mpango wa kucheka
kwenye ghuba hii, mwezi wa pili,
kivuko kimenaswa na barafu gatini
na supu ni ileile ya njegere?

Blanche Tizzard akabisha hodi kwa teke,
mikono imejaa: sufuria, mkate,
na redio ya kaseti iliyofungwa kwa mpira.
"Nimeikuta darini, chini ya nyavu za Leander.
Ni kaka yako."
Nikamwambia sina hamu ya kusikia sauti ya marehemu.
Akabonyeza.
Mgonjwa haulizwi uji,
wala, kumbe, haulizwi nyimbo.

Kwanza mchakacho, kama kitu kinachokaangwa chumba cha pili.
Birika likapiga mluzi. Mbwa akabweka
(yule Skipa, mwizi wa soseji, Mungu amrehemu).
Kisha Selby, na kodiani yake yenye vibonye viwili vibovu:

    Mbuzi kala suruali
    ya padiri mtukufu,
    akaisoma Injili
    kashika joho kwa hofu…

Na Padri Furlong mwenyewe alikuwemo jikoni usiku ule,
namsikia akigonga meza kwa kijiko,
akidai huo ni uzushi,
suruali ilikuwa ya mpishi.

Nikabana midomo.
Nikawaza bei ya mafuta ya taa.
Nikawaza jeneza la Selby, lilivyokwama mlangoni
hadi tukang'oa bawaba.
Haikusaidia: hata hilo
angelitungia wimbo.

Akaingia wa pili, wa meno ya bandia ya Bibi Drusilla,
yaliyomtoka mashuani akipiga chafya,
yakakutwa wiki mbili baadaye tumboni mwa chewa
yakiwa bado yanatafuna.
Hapo ndipo.
Watu husema wimbo umewavunja mbavu;
wangu ulishapasuka, ilibaki kumalizia tu.
Kicheko kikanitoka kama yule mbuzi, kwa kuruka ua,
kikohozi nyuma yake kikikimbia na fimbo,
na chini kabisa ya kifua kitu kikang'oka,
kizito, cha kijani, hakisimuliwi mezani.
Blanche alishika beseni huku akitazama kalenda.

Nilipopata pumzi, kanda bado ilikuwa inazunguka,
na nyuma ya kodiani kulikuwa na mtu anacheka,
anacheka hadi anapiga ukuta,
anaomba waache, anaomba warudie.
"Huyo mwehu ni nani?" nikauliza.
Blanche akaifunika sufuria.
"Garland. Huyo ni wewe."

Miaka thelathini nilikuwa nayo.
Pumzi ndefu kama kamba ya nanga,
wala sikujua kuwa ni mali.

Blanche ameondoka, nyayo zake zimeshafukiwa.
Ubeti wa tatu uliliwa na mashine;
nimeurudisha kwa kuzungusha penseli, taratibu,
sasa Selby anaimba kama aliyekunywa.
Supu nimeimaliza. Ilihitaji chumvi.
Nesi akiuliza habari za ubavu, nitamdanganya.
Nabonyeza tena.
Yule kijana anaanza kucheka kabla ya mzaha,
anajua unakoelekea;
mimi nafuata, mkono ubavuni,
nimechelewa nusu ubeti.